Nafasi tupu ina "chini" yake? Swali la mwanafunzi kuhusu kasi ya mwanga ambalo nililijibu vibaya

#1 Mwalimu_wa_Kimara (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita hapa Dar, huu ni mwaka wa tisa. Wiki iliyopita niliandika ubaoni zile nguzo mbili za Einstein za mwaka 1905. Ya kwanza, kanuni za maumbile ni zilezile kwa kila anayekwenda kwa mwendo usiobadilika. Ya pili, kasi ya mwanga ni ileile, uelekee upande wowote, na aipime yeyote. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, nani alihakikisha?"

Nikamwambia ni kanuni, aandike, huwa inatoka kwenye mtihani. Akainama, akaandika. Tangu siku ile sijatulia. Swali lake lilikuwa na uzito kuliko somo langu zima, nami nikamfungia mlango usoni. Nimerudi kwenye vitabu kila usiku, na nataka niweke hapa nilichokikuta, mnisahihishe kabla sijarudi kumwomba radhi mbele ya wenzake.

Nianze na pantoni la Kigamboni. Likiwa katikati ya maji, bahari imetulia, funga macho na uangushe shilingi. Inaanguka miguuni pako, haibaki nyuma. Usipochungulia nje huwezi kujua kama pantoni linakwenda au limefungwa gatini. Galileo aliandika jambo hili mwaka 1632 akitumia mfano wa meli. Ndio ulinganifu tunaouzungumzia: geuza maabara yako ielekee kaskazini au mashariki, iweke kwenye gari linalokwenda mwendo mmoja, majibu ya majaribio yasibadilike. Einstein aliuchukua ulinganifu huo akaupanua hadi kwenye mwanga, na jina lake rasmi ni ulinganifu wa Lorentz.

Kabla ya Einstein wataalamu walifikiri tofauti. Sauti inasafiri ndani ya hewa, wimbi ndani ya maji, basi mwanga nao lazima uwe na kitu unachosafiria. Wakakiita etha. Dunia inalizunguka jua kwa kasi ya kilomita 30 kila sekunde, kwa hiyo tungepaswa kuusikia upepo wa etha usoni, kama nahodha wa jahazi anavyousikia kusi au kaskazi. Mwanga unaokwenda ukipingana na upepo ungechelewa, na unaokatiza ungechelewa kwa kiasi kingine.

Mwaka 1887, huko Cleveland, Marekani, Albert Michelson na Edward Morley wakaenda kuutafuta upepo huo. Walichukua bamba zito la jiwe, la upana wa kama mita moja na nusu, wakaliweka lielee juu ya zebaki ili ligeuke bila kutikisika. Juu yake wakaugawa mwanga mmoja kuwa miali miwili inayokwenda kwenye njia mbili zilizokaa msalaba, wakairudisharudisha kwa vioo hadi kila njia ikawa na urefu wa mita 11 hivi, kisha wakaikutanisha tena. Miali miwili ikikutana hutoa michirizi ya mwanga na giza. Mmoja ukichelewa hata kidogo sana, michirizi husogea. Hesabu ya etha ilisema jiwe likigeuzwa, michirizi isogee kwa sehemu 0.4 ya upana wa mchirizi mmoja. Waliona chini ya moja ya ishirini ya hicho kilichotarajiwa.

Vitabu vyetu vya shule vinaandika hapo: "jaribio halikuleta matokeo". Sikubali. Wangesema tu hawakuona kitu, isingekuwa habari. Wao walisema: kama upepo upo, hauzidi kiasi hiki. Hayo ni matokeo, tena yana tarakimu. Na kila kizazi baada yao kimeishusha tarakimu hiyo.

Swali langu kwa wajuzi: leo imefika wapi, na bado kuna sababu ya kuendelea kutafuta?

#2 Kijana_wa_Ubungo

Naweka kambi hapa. Mwalimu, hongera kwa kukiri. Wengine tulichapwa kwa maswali kama hayo.

#3 Mama_Genge

Mwalimu, nimesoma yote na nimeelewa zaidi ya nilivyotegemea. Ila niulize kwa nia njema kabisa. Watu wanatumia miaka na fedha kutafuta upepo ambao haupo. Mimi na genge langu Tandika, inatuhusu nini?

#4 Mwalimu_wa_Kimara

Mama, swali ni la haki na nalijibu kwa heshima. Kijana wa bodaboda anayeletewa ramani na simu yake anategemea saa za atomu zilizo kwenye setilaiti. Saa hizo zinakwenda haraka kuliko za ardhini kwa mikrosekunde 38 kila siku, kwa sababu mwendo wake unazichelewesha kidogo, lakini mvutano mdogo wa dunia huko juu unaziharakisha zaidi. Mwanga unakimbia kama mita 300 kwa mikrosekunde moja. Marekebisho ya Einstein yasipofanywa, kosa linaweza kukua kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku, na anayetafutwa Tandika ataonyeshwa kwingine kabisa. Kitu kinachobeba mzigo kiasi hicho lazima tujue kinavumilia hadi wapi.

Lakini nisikufiche, Mama. Hata isingekuwa na faida hiyo, ningetaka kujua. Binti yule hakuuliza itamsaidia nini.

#5 Fundi_Saa_Kariakoo

Mwalimu, mimi sikusoma fizikia. Nimetengeneza saa miaka 31, kwa hiyo swali langu ni la kifundi.

Mteja akileta saa akasema inachelewa, siwezi kujua kwa kuitazama yenyewe. Naiweka kando ya nyingine, nasubiri. Sasa kama huo upepo unachelewesha saa zote sawasawa, na kurefusha au kufupisha rula zote sawasawa, mtaujuaje? Nimesikia pia kwamba siku hizi mita yenyewe inapimwa kwa mwanga. Mwanga utapimwaje kwa mita iliyotoka kwenye mwanga?

La pili. Saa za zamani za kutia ufunguo zina tabia moja. Ukiilaza chali inakwenda kwa mwendo wake. Ukiisimamisha kwa ubavu, mwendo unabadilika, sekunde kadhaa kwa siku. Saa ileile, fundi yuleyule. Ndiyo maana saa nzuri tunaipima kwenye mikao mbalimbali kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Hili linahusiana na mnayoyasema, au nimepotea njia?

#6 Mwalimu_wa_Kimara

Mzee wangu, shikamoo. Hujapotea. Hilo la pili ndilo jaribio lenyewe, na mimi sikuwahi kulisikia likielezwa vizuri hivyo.

Kwa nini saa inabadilika ukiisimamisha? Kwa sababu dunia inavuta, na mvuto huo una upande: chini. Vyuma vya ndani vikikaa kwa namna nyingine mbele ya "chini", msuguano na mizani yake vinabadilika. Mtu aliyefungiwa chumbani, asiyejua kwamba kuna dunia inayovuta, angeweza kuigundua "chini" kwa kuigeuzageuza saa yako na kuandika mwendo wake. Wanaoujaribu ulinganifu wa Lorentz wanafanya hivyohivyo, ila wanauliza kama ulimwengu mzima, mbali na dunia na nyota zote, una "chini" yake. Upande mmoja uliopendelewa, uliojaa kila mahali, ambao saa iliyo safi kupita zote ikigeuzwa itautambua.

Na lile la kwanza. Ni kweli, tangu mwaka 1983 mita imefafanuliwa kwa mwanga, kasi ikawekwa kuwa mita 299,792,458 kwa sekunde, basi. Upepo ukigusa kila kitu kwa kiasi kilekile, hakuna atakayeujua, na sidhani kama kungekuwa na chochote cha kujua. Kwa hiyo hakuna anayepima mwanga kwa mwanga. Wanaweka kitu kando ya kingine, kama unavyofanya wewe: mwanga wa upande huu dhidi ya mwanga wa upande ule, saa ya atomu ya aina moja dhidi ya nyingine, elektroni dhidi ya kiini cha atomu. Upepo ukiwagusa wawili kwa kiasi tofauti, tofauti itaonekana.

Nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kijana wa Scotland, Ronald Drever, hakuwa na maabara kubwa. Alitumia bustani ya nyumbani kwao na betri za gari. Alichukua kiini cha atomu ya lithiamu, ambacho kikiwekwa ndani ya nguvu ya sumaku kinakuwa na ngazi nne za nishati zenye nafasi sawa katikati yake. Sumaku aliyoitumia ni hii ya dunia, ya bure. Kama uzito wa chembe za ndani ya kiini ungekuwa na upande unaoupendelea, zile nafasi zingeachana kidogo kadiri dunia inavyozunguka. Alikaa akisikiliza mzunguko mzima wa siku. Nafasi zilibaki sawa, kwa usahihi uliopita kwa mbali sana wa Michelson. Vernon Hughes na wenzake wa chuo kikuu cha Yale walifanya jaribio la namna hiyohiyo wakati uleule. Drever ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa LIGO, mtambo ulionasa mawimbi ya mvutano.

Jiwe la Michelson nalo lina wajukuu. Mwaka 2015 watafiti wa Berlin na Perth walitoa matokeo ya mwaka mzima kutoka kwenye fuwele mbili za yakuti zilizopoozwa kwa baridi kali na kuwekwa msalaba juu ya meza inayozunguka. Tofauti ya pande mbili haikuzidi sehemu moja hivi kati ya bilioni moja ya bilioni. Chukua umbali wa kutoka hapa hadi kwenye jua: kosa lililobaki ni unene wa unywele ukigawanywa mara mia kadhaa.

Kisha, mwaka 2019, maabara ya taifa ya vipimo ya Ujerumani, mjini Braunschweig, ilichapisha habari ya saa mbili za atomu za ytterbium zilizowekwa kando kwa kando kwa miezi sita, elektroni za moja zikiwa zimelazwa kuelekea upande tofauti na za mwenzake. Mikao miwili, mzee. Wakaangalia kama zitaachana. Hazikuachana.

#7 Fundi_Saa_Kariakoo

Marahaba mwalimu. Nimekuelewa, na leo usiku sitalala mapema.

Lakini sijamaliza. Saa za hapa dukani zinabadilika kati ya alfajiri na saa nane mchana, kwa sababu ya joto. Umeme nao unapanda na kushuka. Mtambo unaogeuka na dunia mara moja kwa siku utabadilika mara moja kwa siku, upepo uwepo usiwepo. Wanatenganishaje?

#8 Mwalimu_wa_Kimara

Hapo ndipo palinipa furaha kubwa nilipopasoma.

Joto linafuata jua, na jua linarudi palepale kila baada ya saa 24. Lakini upande ulio mbali, nje ya jua na sayari zake, unafuata nyota. Nyota inarudi palepale baada ya saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Wazee wa pwani walilijua hili kwa njia yao. Walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kundi lilelile la nyota halikai saa ileile ya usiku mwaka mzima, linawahi dakika nne kila siku mpaka linahama msimu.

Dakika nne ni kidogo kwa siku moja. Kwa miezi sita zinakuwa saa 12 kamili. Kwa hiyo mtambo ukiachwa miezi sita, kinacholetwa na joto la mchana kitakuwa bado ni cha mchana, lakini kinacholetwa na "chini" ya ulimwengu kitakuwa kimehamia usiku. Ndiyo maana majaribio haya ni marefu. Hawatafuti tu kitu kinachopanda na kushuka, wanatafuta kinachopanda na kushuka kwa saa za Kilimia.

Na nimekaa nikachora kitu kuhusu mji wetu. Dar ipo nyuzi karibu 7 kusini mwa ikweta. Ukiweka hapa mtambo wenye mikono miwili ya msalaba, mmoja kaskazini–kusini na mwingine mashariki–magharibi, wa kwanza unabaki karibu sambamba na mhimili wa dunia, siku nzima unaelekea upande uleule wa anga. Wa pili unafagia duara zima la anga kila siku. Mmoja amesimama, mwingine anazunguka, na huhitaji meza ya kugeuza. Kwenye ncha ya dunia mikono yote miwili ingezunguka pamoja. Sijaona mtu akituambia kwamba mahali tulipo panafaa kwa lolote la namna hii, na inaniuma kidogo kwamba nimelijua nikiwa na miaka arobaini.

#9 Dada_wa_Mbagala

Mwalimu, nimefuatilia tangu mwanzo, ngoja niongeze upande wangu. Nilisoma Windhoek, na darasa letu lilipelekwa kuona darubini za H.E.S.S. kwenye nyanda za juu za Khomas, karibu na mlima Gamsberg, mita 1,800 juu ya bahari. Ni Afrika yetu, na kazi hii inafanyika pale tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Jaribio lao halitumii saa mbili mezani. Linatumia umbali. Mabasi mawili yakitoka stendi ya Mbezi dakika moja, moja likiwa na kasi zaidi kidogo tu, ukiyasubiri Kibaha utayaona pamoja. Yasubiri Mwanza, utaona nani alikuwa mzito. Ulimwengu unatupa safari ndefu kuliko hiyo: miali ya gama, yaani mwanga wa nishati kubwa mno usioonekana kwa macho, inayotoka kwa pamoja, mingine ikiwa na nishati ndogo, mingine kubwa, ikasafiri miaka mabilioni. Zipo nadharia za mvutano wa kwanta zinazobashiri kwamba nafasi yenyewe, ukiitazama kwa udogo usiopimika, ina kwaruzo, na mwali wenye nishati kubwa unakwaruzwa zaidi, ukachelewa.

Julai 2006 galaksi iitwayo PKS 2155-304 ililipuka kwa mwanga, na zile darubini za Namibia zikaunasa ukipanda na kushuka ndani ya dakika chache. Wakalinganisha miali mizito na myepesi. Hawakuona kuchelewa.

Kisha Mei 2009 setilaiti ya Fermi ikanasa mlipuko mfupi, GRB 090510, ambao mwanga wake ulisafiri zaidi ya miaka bilioni 7. Ndani yake kulikuwa na chembe moja ya mwanga yenye nishati zaidi ya mara bilioni 10 ya mwanga tunaouona kwa macho. Kama kwaruzo ingekuwa ya kiwango kinachotarajiwa, kile cha Planck, ambako mvutano na fizikia ya kwanta vinakutana, chembe ile ingechelewa kiasi cha sekunde moja hivi. Ilifika kabla sekunde moja haijatimia tangu mlipuko uanze. Miaka bilioni 7 njiani, na hesabu inafungwa ndani ya sekunde moja! Nilipolisoma hilo hostelini nilitoka nje nikasimama tu.

Tarehe 9 Oktoba 2022 ukaja mkubwa zaidi, GRB 221009A. Mtambo wa LHAASO wa China, mkoani Sichuan, mita 4,410 juu, ulipata chembe zaidi ya 60,000 ndani ya kama dakika hamsini. Matokeo yaliyochapishwa 2024 yanaonyesha kwamba ile kwaruzo ya aina rahisi kabisa, kama ipo, ni dhaifu mno: inaanzia kwenye nishati inayozidi mara kumi ile ya Planck. Yaani wale waliobashiri kuchelewa kwa namna hiyo wana kazi ngumu sasa.

Niwe mkweli kuhusu udhaifu wake. Hatujui kila chembe ilitoka saa ngapi kule ilikotoka. Huenda chanzo chenyewe kinatoa miali mizito baadaye. Ndiyo maana mlipuko mmoja hautoshi, inabidi iwe mingi, ya umbali tofauti, ili ucheleweshaji wa njiani utengane na ule wa stendi.

#10 Mtaalamu_wa_Mabibo

Mbona mnazunguka? Mwaka 2011 CERN, ile maabara kubwa ya fizikia huko Ulaya, walishaonyesha chembe ziitwazo nyutrino zimeupita mwanga. Nakumbuka redio zote zilitangaza. Einstein alishaanguka, nyie bado mnapima.

#11 Dada_wa_Mbagala

Kaka, ulisikia tangazo la Septemba 2011, lakini la mwaka uliofuata halikupigiwa kelele. Kundi la OPERA lilipima nyutrino zikitoka CERN hadi Gran Sasso, Italia, safari ya kilomita 730 kupitia ardhini, zikaonekana kuwahi kwa nanosekunde 60. Hawakudai wamemwangusha mtu, waliomba wenzao wawasaidie kutafuta kosa. Mapema 2012 kosa likapatikana: kulikuwa na waya wa nyuzi za kioo wa saa yao ambao haukukazwa sawasawa. Kundi jingine la hapohapo Gran Sasso likapima upya, nyutrino zikakutwa zinakwenda kama mwanga.

Na hata kabla ya waya kupatikana, kulikuwa na ushahidi mzito juu ya meza. Februari 1987 nyota ililipuka jirani na galaksi yetu, miaka nuru 168,000 hivi. Nyutrino zake zilifika saa chache tu kabla ya mwanga, kwa kuwa mwanga ulikuwa bado unahangaika kutoka ndani ya nyota. Kama nyutrino zingekuwa na kasi ile ya OPERA, zingefika miaka minne kabla. Ni kweli zile za 1987 zilikuwa na nishati ndogo zaidi, kwa hiyo watu hawakufunga mjadala kwa hilo peke yake.

#12 Fundi_Saa_Kariakoo

Waya haukukazwa. Nawahurumia sana. Nimewahi kuirudisha saa ya mzee mmoja mara tatu, na kosa lilikuwa skrubu moja.

#13 Kijana_wa_Ubungo

Mwalimu, mimi swali langu ni lile la mwisho la kwako. Tangu 1887 hadi leo hawajaona kitu. Kwa nini wasiseme imetosha?

#14 Mwalimu_wa_Kimara

Kwa sababu tuliwahi kusema imetosha, tukaumbuka.

Hadi mwaka 1956 karibu kila mwanafizikia aliamini maumbile hayatofautishi kulia na kushoto. Jambo lolote ukilitazama kwenye kioo, lile la kwenye kioo nalo linaweza kutokea kweli. Ni ulinganifu wa nafasi, ndugu wa huu tunaouzungumza. Tsung-Dao Lee na Chen Ning Yang wakapekua majaribio yaliyokuwepo, wakagundua kwamba kwa nguvu ile inayovunjavunja viini vya atomu hakuna aliyewahi kupima. Watu wote waliamini, na ushahidi haukuwepo. Mwanamama Chien-Shiung Wu akaingia maabara Washington, akapoza kobalti-60 hadi karibu na baridi ya mwisho, akailaza kwa sumaku ili viini vyote vizunguke upande mmoja, akahesabu elektroni zinazotoka. Zilipendelea upande mmoja. Mwanzoni mwa 1957 kioo kikavunjika. Lee na Yang walipewa Nobeli mwaka huohuo; Wu, aliyefanya kazi kwa mikono yake, hakupewa, na mimi kila nikifundisha somo hili nitalitaja jina lake kwanza.

Mwaka 1964 James Cronin na Val Fitch wakaonyesha kwamba hata ukibadilisha kioo na pia mata kuwa antimata (pacha wake mwenye chaji kinyume) kwa pamoja, ulinganifu bado unavunjika, kwa nadra sana, kwenye chembe ziitwazo kaoni. Uliobaki umesimama ni ule wa vitu vitatu kwa pamoja: kioo, antimata, na kurudisha wakati nyuma. Huo umefungwa kamba moja na ulinganifu wa Lorentz, huu wa vitu vitatu ukivunjika, na ule wa Lorentz umevunjika. Ndiyo maana pale CERN kundi la ALPHA linatengeneza antihaidrojeni na kulinganisha rangi ya mwanga wake na ya haidrojeni ya kawaida. Mwaka 2018 zililingana hadi sehemu 2 kati ya trilioni moja.

Kuna sababu nyingine. Mwaka 1989 Alan Kostelecký na Stuart Samuel walionyesha kwamba ndani ya nadharia ya nyuzi, inayosema chembe zote ni nyuzi ndogo mno zinazotetemeka, ulinganifu huu wa Lorentz unaweza kuvunjika wenyewe, ulimwengu ulipokuwa unapoa, kama chuma kinavyopoa kikajichagulia upande wa sumaku bila kuamriwa. Baadaye Kostelecký na wenzake wakaandaa hesabu inayoorodhesha njia zote ambazo "chini" ile inaweza kujionyesha, kwa elektroni peke yake, kwa protoni peke yake, kwa mwanga, kwa nyutrino, kwa mvutano. Kila njia ina tarakimu yake. Wapo wanaopima hata kwa vioo vilivyoachwa mwezini tangu 1969, wakirusha leza na kusubiri irudi. Nyingi zimeshushwa hadi karibu na sifuri. Baadhi hazijaguswa, kama ile nguvu ya kioo ilivyokuwa haijaguswa hadi 1956.

Nitakwenda kumwambia yule binti hivi: waliohakikisha ni wengi, hadi kiasi hiki, kwa vitu hivi, na mahali hapa na hapa bado.

#15 Mwalimu_wa_Kimara

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu.

Nilimwomba radhi darasani. Hakusema mengi. Kesho yake alikuja na wenzake wanne, wanataka kupima kitu wao wenyewe. Mtambo wa yakuti hatuna, ila zile dakika nne za nyota zinapimika. Mzee Fundi wa Kariakoo ametuazima saa aliyoilinganisha mwenyewe kwa siku kumi, bila kudai senti, na amekataa nitaje jina lake hapa. Mungu ambariki.

Kwa mmoja wao, Kigamboni, ambako taa si nyingi, walipigilia msumari ukutani, wakafunga bomba jembamba la kuchungulia, wakalielekeza kwenye ukingo wa paa la jirani. Kilimia kilikuwa hafifu mno, wakachagua ile nyota nyekundu iliyo jirani yake. Kila usiku mmoja anachungulia, mwingine ameshika saa. Nyota ikimezwa na paa, anapiga kelele. Usiku mbili wingu lilifunika, hawakuandika kitu, na niliwasifu kwa kutokuandika.

Kutoka usiku wa kwanza hadi wa kumi, hesabu inataka nyota iwahi kwa dakika 35 na sekunde 24.

Yule binti ameandika dakika 35 na sekunde 40, na chini yake, bila mimi kumwambia, ameandika: kosa letu linaweza kufika sekunde 20.

#16 Fundi_Saa_Kariakoo

Mwalimu, hiyo saa wakae nayo mpaka miezi sita itimie.